Fidia ya Ajali, Ukomo wa Malipo na Njia ya Kufika Mahakamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mimi ni msaidizi wa kisheria, wala si wakili. Wanaonijia ni watu waliogongwa barabarani, walioumia kazini au waliofiwa na jamaa zao kwa uzembe wa wengine, na wengi wao wanatoka kando ya barabara kuu inayopanda kutoka Nakuru kupitia Salgaa na Mau Summit, kisha kugawanyika kuelekea Eldoret na Kisumu. Nimeandika majibu haya ili mtu ajue haki yake kabla hajatia saini karatasi yoyote. Hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili aliyeisoma faili yako.

Watu wanaposema “mageuzi ya sheria ya fidia”, wanamaanisha nini?

Sheria ya madai humruhusu mtu aliyedhuriwa kwa uzembe wa mwenzake kwenda mahakamani kudai fidia: gharama za matibabu, mapato aliyopoteza, na kiasi fulani kwa ajili ya maumivu na ulemavu. Wanaotaka mageuzi wanasema kwamba fidia zimekuwa kubwa kupita kiasi, kesi ni nyingi, nyingine ni za uongo, na mzigo wote humrudia mwananchi kupitia ada za bima na nauli. Dawa wanazopendekeza ni kuweka ukomo wa malipo, kutumia jedwali lenye bei ya kila jeraha, kufupisha muda wa kushtaki, au kuwaondolea mahakimu madai hayo na kuyapeleka kwa ofisi ya serikali. Wanaopinga wanauliza swali moja: hasara isipolipwa na aliyeisababisha, italipwa na nani?

Je, mjadala huu ni wa Kenya au umetoka nje?

Jina lake na nguvu zake nyingi vimetoka Marekani. Mwaka 1975 jimbo la California lilipitisha sheria iliyozuia fidia ya maumivu katika kesi za uzembe wa madaktari isizidi dola 250,000. Kiwango hicho hakikuguswa hadi mwaka 2022, ilipopitishwa sheria ya kukipandisha hatua kwa hatua. Katika miaka hiyo 47 bei ya kila kitu ilipanda, kwa hiyo aliyeumizwa mwaka 2020 alipata, kwa thamani halisi, sehemu ndogo tu ya alichopata mwenzake wa mwaka 1975. Ukomo ulioandikwa kwa tarakimu huendelea kushuka bila bunge kupiga kura, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Mkenya anapaswa kulitazama.

Wengi pia wamesikia habari ya bibi wa Albuquerque aliyelipwa mamilioni kwa kumwagikiwa na kahawa. Husimuliwa kama kichekesho, lakini bibi huyo alikuwa na umri wa miaka 79, aliungua hadi tabaka za ndani za ngozi, akahitaji kupandikizwa ngozi, na mwanzoni aliomba dola 20,000 tu. Wazee wa baraza la mahakama walitaja mamilioni mwaka 1994. Jaji akapunguza kwa kiasi kikubwa. Hapa kwetu hofu ya namna hiyo haina mahali pa kusimama, kwa sababu kesi za madai Kenya huamuliwa na hakimu au jaji peke yake, anayelinganisha jeraha lililo mbele yake na maamuzi yaliyotangulia, na fidia ya kumwadhibu mkosaji hutolewa kwa nadra sana.

Kenya tayari ina ukomo wa fidia?

Kwa ajali za barabarani, ndiyo, ingawa wengi hawauelewi sawasawa. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inamlazimu kila mwenye gari, matatu au bodaboda kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, ile ambayo kwenye stendi zote huitwa “thad pati”. Sheria hiyo inaitaka kampuni ya bima ilipe hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, lakini isizidi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hakimu hafungwi na kiasi hicho anapokadiria madhara. Akiamua kwamba kijana aliyekatwa mguu anastahili milioni 4.5, hukumu ni milioni 4.5: kampuni inatoa 3, na milioni 1.5 iliyobaki anadaiwa mwenye gari. Mwenye gari huyo mara nyingi ana matatu moja, nayo ina mkopo wa sako. Kwa maneno mengine, majeruhi wa madhara madogo hulipwa yote, na aliyeumia vibaya kuliko wote ndiye anayeambiwa akatafute kilichobaki.

Mwaka 2013 Bunge lilikwenda mbele zaidi kwa kuingiza jedwali lililopanga malipo kulingana na aina ya jeraha. Chama cha Wanasheria wa Kenya kilipinga mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikalibatilisha jedwali hilo. Ukomo wa milioni 3 kwa kampuni ya bima umeendelea kutumika.

Lakini si kweli kwamba kuna madai ya uongo?

Ni kweli, na anayetetea majeruhi akikana hilo anawadhuru majeruhi wenyewe. Madalali wa kesi wapo. Wanajulikana kwenye milango ya wodi za majeruhi, wanajua gari gani limeanguka Sachangwan kabla ndugu wa marehemu hawajapigiwa simu, na wapo wanaoongeza kwenye orodha ya abiria majina ya watu waliokuwa nyumbani siku hiyo. Kila shilingi inayolipwa kwa abiria hewa imetolewa mfukoni mwa yule aliyevunjika kiuno kweli. Kampuni kadhaa za bima za magari ya abiria zimeanguka nchini tangu mwaka 2005, na ingawa uongozi mbaya ulichangia, madai ya kughushi pia yalikuwa na sehemu yake.

Tatizo langu ni dawa inayopendekezwa. Ukomo wa fidia haumgusi dalali hata kidogo, kwa kuwa madai ya uongo huwa madogo: michubuko, maumivu ya shingo, jeraha laini la bega. Hakuna anayeghushi mguu uliokatwa. Ukomo unamkata mtu wa mguu na kumwacha wa michubuko.

Kwa nini jedwali la malipo linaonekana kuwaumiza zaidi wasio na hati ya mshahara?

Kwa sababu jedwali hupima kiungo na kusahau maisha. Kidole cha fundi cherehani wa Kakamega na kidole cha karani wa benki ni asilimia ileile kwenye karatasi, lakini mmoja amepoteza kazi yake yote.

Njia ya mahakama ni ndefu zaidi, na kwa maoni yangu ni ya haki zaidi. Chukua mfano wa seremala aliyefariki akiwa na umri wa miaka 35, aliyekuwa akipata takriban shilingi 15,000 kwa mwezi, na ameacha mke na watoto. Mahakama huzidisha mapato ya mwaka kwa idadi ya miaka ambayo ingekadiriwa kwamba angefanya kazi, tuseme 20, kisha huchukua theluthi mbili kama sehemu iliyokuwa ikienda kwa familia. Hesabu inatoa shilingi 2,400,000. Wakili wa bima atasema hakuna risiti wala hati ya benki inayothibitisha zile 15,000. Swali hilohilo lilifika Mahakama ya Rufaa, ambayo mwaka 2005, katika kesi iliyohusu marehemu aliyekuwa seremala, ilikataa wazo kwamba mapato huthibitishwa kwa karatasi peke yake. Majaji walieleza kwamba msimamo huo ungewadhulumu Wakenya wengi wasiojua kusoma, wasioweka kumbukumbu, na ambao hata hivyo wanajipatia riziki kwa njia mbalimbali. Uamuzi huo ni ngao ya mama anayeuza omena Dunga, ya mwendesha bodaboda wa Kondele na ya mkata miwa wa Muhoroni. Leta mteja wake, leta jirani, leta daftari la chama na ujumbe wa malipo ya simu. Vyote hivyo ni ushahidi.

Nimeumia kazini. Naweza kumshtaki mwajiri mahakamani?

Kwa kawaida huwezi kuanzia mahakamani. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 iliyahamishia madai hayo kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Chama cha Wanasheria kilipinga kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwezi Desemba 2019 kwamba utaratibu huo unakubaliana na Katiba. Faida yake ni kwamba huhitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri; inatosha kwamba uliumia ukiwa kazini.

Hesabu yake ni hii: kwa ulemavu wa kudumu, mshahara wa miezi 96 huzidishwa kwa asilimia ya ulemavu. Mfanyakazi wa shamba la maua la Naivasha anayepata shilingi 12,000 kwa mwezi na aliyepimwa ulemavu wa asilimia 10 atapata shilingi 115,200. Maumivu hayamo kwenye hesabu hiyo. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Usiporidhika, unaweza kumwandikia Mkurugenzi pingamizi ndani ya siku 60, na baada ya jibu lake kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Inafaa kulinganisha na New Zealand, ambako tangu mwaka 1974 wananchi waliacha kwa kiasi kikubwa haki ya kushtaki kwa ajili ya majeraha ya mwili. Walichopewa badala yake ni mfuko wa taifa unaomtibu kila aliyeumia kwa ajali na kumlipa hadi asilimia 80 ya mapato yake ya wiki anaposhindwa kufanya kazi. Hayo ni mabadilishano yanayoeleweka. Sisi tumenyang’anywa upande mmoja wa mizani bila kuwekewa kitu cha maana upande wa pili.

Mahakama ya Madai Madogo inaweza kunisaidia?

Inaweza, na ninaiona kuwa mageuzi bora kuliko yote tuliyoyapata. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, mahakama ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na sasa zipo pia Nakuru, Kisumu na Eldoret. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataja fidia ya majeraha ya mwili miongoni mwa mambo yake. Kesi inapaswa kumalizika ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili, na rufaa huruhusiwa kwa hoja za kisheria tu. Kiswahili kinatumika, usimkubali mtu anayekuambia kwamba bila Kiingereza huwezi kusikilizwa.

Madai yakizidi milioni 1, utakwenda kwa hakimu. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza hadi shilingi milioni 20.

Mtu amenifuata wodini na karatasi, ananitaka nitie saini. Nifanyeje?

Usitie saini. Uliza jina lake, ofisi yake, na umwombe aache nakala.

Mwaka uliopita mama mmoja alikuja ofisini na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei, risiti za dawa zilizofifia hadi wino hauonekani, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. “Mwanangu, hii waliniambia ni ya nauli,” alisema. Ilikuwa hati ya kukiri malipo: alikuwa amepokea shilingi 15,000, na kwa alama ya kidole gumba alikuwa ameachilia madai yote, “ya sasa na ya baadaye”, kuhusu nyonga iliyovunjika. Tarehe yake ilikuwa siku ya tatu baada ya ajali, mama akiwa bado kwenye dawa kali za maumivu. Hati kama hiyo inaweza kupingwa mahakamani kwa hoja ya ulaghai, shinikizo au kutoelewa, lakini sasa ana kesi mbili badala ya moja.

Kupatana nje ya mahakama si vibaya. Katiba yenyewe, Kifungu cha 159, inahimiza njia mbadala, na upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ulioanza kwa majaribio Milimani mwaka 2016, umeokoa familia nyingi na miaka ya kuahirishiwa kesi. Ninachokataa ni mapatano yanayofanywa kando ya kitanda.

Wakili amesema hatanitoza chochote ila tukishinda tugawane. Ni halali?

Hapana. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa tu endapo kesi itashinda. Marekani utaratibu huo ni wa kawaida, na wapo wanaosema ndio unaomwezesha maskini kupata wakili. Nakiri kwamba hoja hiyo ina uzito, kwa sababu huku kwetu jambo hilohilo hufanyika gizani, bila kiwango kinachojulikana, na mteja hugundua siku ya malipo kwamba nusu imekwenda. Ningependelea Bunge liamue waziwazi: liruhusu kwa asilimia yenye kikomo, au likataze na kugharimia msaada wa kisheria inavyostahili.

Kwa sasa, dai makubaliano ya ada kwa maandishi, na dai nakala ya hundi au taarifa ya benki kutoka kampuni ya bima. Wakili akikaa na pesa zako, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, au kuiomba mahakama imruhusu kushtaki bila kulipa ada chini ya Agizo la 33 la Kanuni za Mwenendo wa Madai.

Nina muda gani wa kufungua kesi?

Miaka 3 tangu tukio, kwa uzembe wa mtu binafsi au kampuni. Kwa Serikali ni mwaka 1 tu. Na kama ulidhuriwa katika hospitali ya umma au na gari la kaunti, hesabu mwaka mmoja bila kujadiliana na nafsi yako. Kwa ajali ya gari, kampuni ya bima ipewe notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa, la sivyo inaweza kukataa kulipa hukumu.

Nilishinda kesi dhidi ya Serikali lakini sijalipwa. Naweza kutuma dalali wa mahakama akamate gari lao?

Huwezi. Sheria inakataza kukamata mali ya Serikali. Utaratibu ni kupata cheti cha amri kutoka mahakamani, kukiwasilisha kwa afisa mhasibu wa wizara, na akikaidi, kurudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha. Huenda ikachukua miaka. Wanaolalamika kwamba fidia ni nyingi mno wangekaa siku moja na wajane wenye hukumu zilizokwisha kuandikwa ambazo hazijawahi kugeuka kuwa pesa.

Kampuni ya bima imefilisika. Nani atanilipa?

Upo Mfuko wa Kuwafidia Wenye Bima, lakini malipo yake hayazidi shilingi 250,000 kwa mdai. Kinachobaki utamdai mwenye gari. Kabla ya kufungua kesi, tafuta rekodi ya umiliki wa gari ili umshtaki mwenye gari halisi pamoja na dereva.

Ni mageuzi gani ambayo mwandishi angeyaunga mkono?

Ukomo wa milioni 3 upandishwe kufuatana na gharama ya maisha, kwa fomula iliyomo ndani ya sheria, ili tusisubiri miaka 47 kama California. Kampuni ya bima ipewe siku zilizowekwa za kukubali au kukataa madai, na ikichelewa bila sababu ilipe riba ya kuumiza. Orodha ya abiria waliojeruhiwa iandikwe na polisi na hospitali siku ileile na iwekwe wazi, maana hapo ndipo dalali anapokufa njaa. Kifungu cha 48 cha Katiba kinaiagiza Serikali ihakikishe kila mtu anafikia haki, na ada isiwe kizuizi. Mageuzi yoyote yapimwe kwa kifungu hicho kwanza, kabla ya kupimwa kwa faida ya mwaka ya kampuni yoyote.

Mtoto wangu aligongwa akitoka shule. Muda wake nao ni miaka 3?

Muda wa mtoto hauanzi kuhesabiwa hadi atimize miaka 18. Hata hivyo usingoje. Mzazi au mlezi anaweza kushtaki kwa niaba yake sasa, na fidia yake kwa kawaida huwekwa kwa usimamizi wa mahakama hadi atakapokuwa mtu mzima. Nenda kituo cha polisi wiki hii ukachukue abstrakti, yaani hati ya polisi kuhusu ajali, na fomu ya P3 ya kuandikia majeraha, mpeleke kwa daktari aijaze fomu hiyo, na upige picha risiti zote kwa simu kabla wino haujafifia. Andika pia jina na namba ya simu ya yule mwenye kibanda aliyeona gari likipita, kwa sababu vibanda vya kando ya barabara huhama.